Leza bila bandeji: kisa cha mama wa Old Moshi na presha ya macho

Mgonjwa ni mama wa miaka 62, mjane, mkazi wa Old Moshi, anayeuza ndizi soko la Kiboriloni. Alikuja kliniki kutafuta miwani ya kusomea. Maandishi ya kitabu cha nyimbo yalikuwa yameanza kumshinda, jambo la kawaida kwa umri wake. Jicho halikuuma, halikuwa jekundu, na mwenyewe hakudai kwamba haoni. Binti yake ndiye aliyeongeza neno, wakiwa tayari wameinuka kwenye benchi: siku hizi mama anagongana na watu sokoni, kila mara upande wa kulia, na akimimina chai mara nyingine inapita nje ya kikombe.

Neno hilo la binti ndilo lililookoa jicho la kushoto. Mimi ni muuguzi wa macho, nimekuwa karibu na mama huyu tangu siku ile, na ninakieleza kisa chake kwa ruhusa yake, nikiwa nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alitibiwa kwa leza, leza ikafanyika vizuri, akapona bila taabu yoyote. Halafu, baada ya kupona huko, akapoteza sehemu ya kuona kwake ambayo haikupaswa kupotea. Nataka tuone ilikuwaje.

Vipimo vya siku ya kwanza: presha ya jicho la kulia 32, la kushoto 27, kwa milimita za zebaki. Macho mengi huwa kati ya 10 na 21. Daktari alipoangalia nyuma ya jicho la kulia, kishimo cha katikati ya mshipa wa fahamu, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, kilikuwa kimetanuka hadi kubakiza ukingo mwembamba sana. Kushoto ukingo ulikuwa umeliwa upande mmoja. Kipimo cha eneo la kuona kikaonyesha kwamba jicho la kulia limebaki na sehemu ndogo ya katikati tu. Ndiyo maana aliweza kusoma herufi za ukutani bila kumwona mtu aliyesimama ubavuni mwake.

Hiyo ni glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho. Binti aliuliza kama mama apunguze chumvi. Chumvi haihusiki. Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, maji hutengenezwa muda wote na kutoka kupitia chujio dogo lililo pembeni, pale konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, inapokutana na sehemu yenye rangi. Mtu wa Kilimanjaro ninamweleza kwa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba: maji ya mlimani yanaendelea kuja, lakini mfereji umejaa tope, basi yanapanda. Mfongo ukijaa humwagika shambani. Jicho halina pa kumwagia, kwa hiyo msukumo wote unaulemea mshipa wa fahamu, na nyuzi zake zinakufa kidogo kidogo, kwa kawaida zile za pembeni zikitangulia. Uzi uliokufa haurudi, kwa dawa wala kwa upasuaji wala kwa leza. Duniani kote glakoma ndiyo inayoongoza kwa upofu usiorekebishika, na sisi watu wa asili ya Afrika hutupata mapema zaidi na kwa ukali zaidi.

Alianza na matone, kama wengi. Kwa kuwa ana pumu, daktari alimwandikia latanoprosti, tone moja kila jicho usiku. Duka la dawa alilopitia halikuwa nayo, akauziwa timololi, ambayo ni nafuu na hupatikana kwa urahisi. Kwa asiye na pumu, timololi ni dawa nzuri tu ya presha ya macho. Lakini tone la jicho haliishii jichoni: hupita kwenye kijia cha machozi hadi puani, huingia kwenye damu, na kwa mwenye pumu linaweza kubana njia za hewa. Mama alibanwa kifua usiku kwa wiki kadhaa, akalaumu moshi wa jikoni. Ilibidi daktari amwombe atoe chupa kwenye mkoba ndipo ikajulikana.

Akarudishiwa latanoprosti, na hapo shida ikawa fedha na mkono. Kichupa cha mililita 2.5 humfikisha mtu takriban mwezi mmoja. Chake kilikuwa kinavuka miezi miwili, maana aliruka siku ili kisiishe. Nilimwomba aweke tone mbele yangu: mawili ya kwanza yaliangukia shavuni, la tatu likashika kope. Sijawahi kumlaumu mgonjwa kwa hili. Hasikii maumivu, haoni faida, dawa inamwasha, inagharimu, na ameambiwa aitumie maisha yake yote. Nani kati yetu angeshika ratiba hiyo bila kuyumba?

Presha ilishuka hadi 26 kulia na 23 kushoto. Kwa jicho lililoharibika kiasi kile haikutosha. Daktari alitaka la kulia lifike chini ya 15. Alimweleza juu ya upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji. Mama akakataa katakata kuguswa na kisu jichoni, hasa jicho ambalo, kwa hesabu yake, lilikuwa linaona. Ndipo ikaja hoja ya leza, mwanga unaopigwa kwenye lile chujio ili maji yatoke kwa urahisi.

Moshi ina historia yake katika jambo hili, na nadhani wakazi wengi hawaijui. Hospitali ya KCMC ndipo ulipofanyika utafiti wa kulinganisha leza hii na matone ya timololi, kwa wagonjwa 201, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifanikiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale yaliyotumia matone. Kwa mtu anayeishi mlimani, mbali na duka la dawa, hiyo ni habari kubwa. Ila hesabu hiyo ina upande wa pili ambao huwa hatuusomi kwa sauti: karibu macho manne katika kila kumi hayakufikia lengo hata baada ya leza, na hakuna namna ya kuyatambua isipokuwa kuyapima tena. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuhisi.

Siku ya leza mama alikuja amejiandaa kulazwa. Alikuwa na kanga mbili, kandambili, na chupa ya mtori. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyetuma fedha, na alikuwa amemwagiza dada yake asiondoke hospitalini mpaka bandeji itolewe. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba hakutakuwa na bandeji.

Kazi yenyewe ni fupi. Kwanza anawekewa tone la kuzuia presha isiruke juu baada ya leza, kisha tone la ganzi. Anakaa kwenye mashine ileile ya kuwekea kidevu anayoijua kutoka siku za vipimo. Daktari anaweka juu ya jicho lenzi ndogo yenye kioo ndani, iliyopakwa mafuta mazito ya kuteleza, ili aweze kuliona chujio lililojificha kwenye pembe. Halafu inakuja mimweko. Kila mmweko hudumu nanosekunde chache tu, unalenga seli zenye rangi ndani ya chujio bila kuunguza zilizo jirani, na mwili wenyewe ndio unaokuja kusafisha na kulegeza njia. Kuzunguka jicho zima huhitaji takriban mimweko 100. Mama alisikia tiki, tiki, akaona mwanga, akahisi kama anachomwa na kitu chepesi mara mbili tatu. Muda mwingi ulikwenda kwenye kumtuliza asirudishe kichwa nyuma. Niliweka mkono kisogoni kwake na kumwambia, "Bado kidogo mama, tazama mbele." Dakika chache kila jicho, yakawa yamekwisha.

Alikaa benchi kama saa moja, akapimwa tena presha ili kuhakikisha haijapanda, akaruhusiwa. Akauliza, "Mwanangu, ndiyo imekwisha? Mbona hamjanifunga?"

Kupona kulikuwa rahisi, na nakueleza kulivyokuwa ili anayekwenda kufanyiwa ajue. Saa za kwanza aliona ukungu kwa sababu ya yale mafuta ya lenzi. Kwa hiyo siku hiyo mtu asiendeshe gari wala pikipiki, aje na msindikizaji. Jioni jicho lilikuwa jekundu kidogo, linaona jua kali kuliko kawaida, na paji la uso linauma kwa mbali. Kidonge cha kawaida cha maumivu kilitosha. Kwa siku chache akawa anahisi mchanga jichoni. Kwa kuwa hakuna kilichokatwa, hakukuwa na makatazo yale ya mgonjwa wa mtoto wa jicho: aliweza kuinama, kuoga, kunawa uso, kubeba mzigo. Alirudi Kiboriloni kuuza ndizi wiki ileile. Matone yake ya usiku aliambiwa ayaendeleze, kwa sababu leza hii haifanyi kazi siku hiyohiyo. Huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha nguvu yake yote. Na aliambiwa kwamba maumivu makali, kuona kupungua ghafla, au kichwa kuuma pamoja na kutapika ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo bila kungoja tarehe.

Jirani mmoja alimletea maji ya majani fulani ya kutonesha ili "jicho lipoe haraka." Binti aliyamwaga. Nampongeza kwa hilo, maana nimeona konea zilizooza kwa dawa za namna hiyo, na kovu lake halifutiki.

Sasa tuje kwenye kilichoharibika.

Jirani mwingine, bibi wa rika lake, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka huohuo. Alikwenda akiongozwa mkono, akarudi na bandeji, ilipotolewa kesho yake akaanza kuwatambua wajukuu kwa sura. Kijiji kizima kilishuhudia. Hicho ndicho kipimo ambacho watu walikuwa nacho cha tiba ya macho, na mama yetu alipimwa nacho. Alirudi mchana uleule, bila bandeji, anaona vilevile alivyoona asubuhi. Mwanawe akapiga simu kutoka Dar: "Mama, sasa unaona vizuri?" Mama akajibu kweli tupu: "Naona kama jana." Kijana akasema basi fedha imeliwa.

Kwa tiba hii, "naona kama jana" ndilo jibu bora linaloweza kupatikana. Leza ya glakoma inafanywa ili mtu aone kama jana, na mwakani aone kama jana, na miaka kumi baadaye vivyo hivyo. Lakini nani alimwambia hivyo mtu aliyelipa? Daktari alieleza, tena vizuri, siku ya kupanga tiba, kwa mama aliyekuwa ameshikwa na hofu ya kisu. Kijana hakuwepo. Binti alikuwa dirisha la malipo.

Wiki sita baadaye mama alirudi kupimwa: kulia 19, kushoto 16. Matokeo mazuri, hasa kushoto. Chumba kizima kilifurahi, akaambiwa presha imeshuka. Yeye alichobeba kwenda nacho nyumbani ni kwamba amepona. Akaacha matone, akaona ni kuokoa fedha. Kadi yake iliandikwa tarehe ya Aprili, tarehe peke yake, bila neno la kwa nini. Aprili ni masika. Njia za Old Moshi zinateleza, na siku ya kliniki iliangukia siku yake ya soko. Hakuja. Simu ya kumuulizia haikupigwa, kwa kuwa kliniki nyingi, hiyo ikiwemo, hazina mtu wa kazi hiyo.

Alirudi baada ya zaidi ya mwaka, na safari hii tena ni binti aliyemleta, baada ya kumwona akipapasa mezani kutafuta sarafu ambazo zilikuwa wazi mbele yake. Kulia 29, kushoto 22. Jicho la kushoto, lile zuri, ambalo ndilo lilikuwa linambebea maisha, lilikuwa limepoteza kipande kingine cha eneo la kuona upande wa juu. Nilisimama na karatasi mbili za kipimo mkononi, ya zamani na mpya, na uchungu niliousikia sitauficha. Kipande kile hakirudi. Mama alipoonyeshwa alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa inaendelea na mimi nalala."

Wapo waliosema leza ilishindwa. Siafiki. Nguvu ya leza hii hupungua kadiri muda unavyokwenda. Kwa mwingine inadumu miaka, kwa mwingine mwaka haufiki, na hilo linajulikana. Faida yake mojawapo ni kwamba inaweza kurudiwa. Kilichoshindwa ni ufuatiliaji, na sababu yake ilikuwa ndani ya ule wepesi wa kupona ambao tunausifia. Mtu aliyekatwa ana kovu la kumkumbusha, ana bandeji, ana makatazo, ana jamaa wanaomuuguza. Mama huyu hakuwa na chochote cha kumkumbusha kwamba ni mgonjwa. Sisi tuliokuwa naye tukafanya furaha ya siku ile ya wiki sita ionekane kama mwisho wa safari.

Mimi nashikilia kwamba maelezo ya tiba hii yanapaswa kutolewa kabla ya malipo, na kwa anayelipa. Simu iwekwe sauti ya juu hata kama yuko Mwanza. Asikie kwa masikio yake: fedha hii haimrudishii mama alichopoteza, inamlindia kilichobaki, na hutaona tofauti yoyote. Akikubali kwa kuelewa hivyo, atakuwa wa kwanza kuuliza tarehe ya kliniki. Akikataa, ni bora akatae siku hiyo kuliko kuja kumkatisha tamaa mama katikati ya njia. Najua foleni ilivyo asubuhi ya kliniki, najua daktari ana wagonjwa wangapi mlangoni. Bado nasema dakika tano hizo zina thamani kuliko mimweko yenyewe.

Jambo la pili ni namba. Neno "imeshuka" halina maana kwa mgonjwa asiyejua ilikuwa ngapi na inatakiwa ngapi. Siku hizi mama anazo kwenye daftari lake la mahesabu ya ndizi, kwa mwandiko wa binti: ya leo, ya mara iliyopita, na ile daktari anayoitaka. Juzi alimrekebisha daktari mgeni aliyekosea kusoma jalada. Tarehe zake tumezihamisha zisiangukie siku ya soko. Lilikuwa jambo la kuuliza tu.

Alirudiwa leza macho yote mawili. Safari hii alikuja bila mtori. Latanoprosti imeendelea sambamba, na tone linawekwa na binti, mama akiwa amelala chali, macho yamefumbwa baada ya tone, kidole kikibonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa ibaki jichoni. Baada ya miezi mitatu: kushoto 14, kulia 18. La kushoto limefika pazuri. La kulia bado liko juu ya lengo, na upasuaji umezungumzwa upya; mama hajakubali, lakini ameomba mwanawe aje siku hiyo asikilize naye.

Kuna jambo moja lilichelewa kufanyika ambalo lingepaswa kufanyika wiki ya kwanza. Glakoma hutembea kwenye damu ya ukoo, na ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wako kwenye hatari kubwa mara kadhaa kuliko watu wengine. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 58, mkulima wa kahawa, aliletwa kwa kusukumwa. "Mimi naona mpaka Mawenzi," alisema, na ni kweli alikuwa anaona. Presha zake zilikuwa 26 na 25, na mshipa wa fahamu wa kushoto ukingo wake umeanza kuliwa. Yeye alianzia kwenye leza moja kwa moja, bila kupitia matone, na dada yake alikaa naye kwenye benchi akimweleza kwamba atatoka anaona vilevile. Wiki sita baadaye alikuwa 17 na 16, na tarehe yake inayofuata ni siku moja na ya dada yake, waje kwa gari moja.

Kijana wa Dar amekwisha kupimwa hukohuko: presha ya kawaida, mshipa mzima, arudie kila mwaka. Binti, ambaye muda wote huu amekuwa akileta wengine, hajapimwa bado. Jina lake tumeliandika kwenye orodha ya siku hiyohiyo ya mama na mjomba.